Jua la majira ya baridi, magofu matatu ya ngome: Dunstanburgh, Dunnottar au Corfe?

Utabiri wa hali ya hewa ukisema Jumamosi kutakuwa na jua, na ni mwezi wa kumi na mbili au wa kwanza, mtu anayeishi Uingereza hana haja ya kuambiwa mara mbili. Unavaa, unafunga chai kwenye chupa, unatoka. Shida inakuja kwenye kuchagua pa kwenda. Wengi huishia kuzunguka bustani ya jirani, jua likazama kabla hawajajua limepita wapi.

Mimi siku hizo nazipeleka kwenye magofu ya ngome. Kuna matatu ninayoyarudia kila mwaka, na ndiyo ambayo ndugu na marafiki wanaotaka matembezi mepesi ya siku ya jua, majira ya baridi, huniuliza waanze na lipi: Dunstanburgh, kwenye pwani ya Northumberland, kaskazini mwa England, Dunnottar, kusini kidogo ya Aberdeen, Uskoti, na Corfe, kule Dorset, pwani ya kusini. Yote matatu yanafikika kwa matembezi mafupi. Hata hivyo hayafanani hata kidogo, na ukikosea kuchagua siku nzuri inageuka mateso ya upepo na kivuli.

Vitabu vya watalii huanza na historia. Mimi nakuomba uanze na jua.

Ngumi moja juu ya bahari

Sisi tuliokulia Pwani jua la saa sita mchana tunalijua liko utosini. Kivuli kinajificha chini ya nyayo. Hapa, katikati ya majira ya baridi, mambo ni mengine kabisa. Nyoosha mkono mbele yako, kunja ngumi, iweke juu ya mstari ambapo bahari inakutana na mbingu. Unene wa ngumi hiyo ni kama nyuzi 10. Tarehe 21 Desemba, ukiwa Dunnottar, jua la adhuhuri halivuki ngumi hiyo moja. Dunstanburgh linaivuka kidogo tu. Corfe, kwa kuwa iko kusini zaidi, linafika ngumi moja na nusu, karibu nyuzi 16.

Tofauti hiyo inaonekana ndogo mpaka uione kwenye kivuli. Mtu wa urefu wa kawaida, akisimama Dunnottar adhuhuri ya siku hiyo, kivuli chake kinalala chini kama mita 10. Corfe kivuli cha mtu huyohuyo ni mita 6. Sasa fikiria kivuli cha kilima, au cha ukuta wa ngome. Jua likiwa chini hivyo, kila kitu kilicho upande wako wa kusini kinakunyima joto, na jalidi ya usiku inabaki kwenye nyasi kutwa nzima bila kuyeyuka.

Halafu saa zenyewe. Kwenye siku fupi kabisa, Dunnottar jua linachomoza karibu saa 2:45 asubuhi na kuzama kabla ya saa 9:30 alasiri. Nyumbani wakati huo watu bado wanajiandaa kuswali Alasiri. Huku Magharibi imeshaingia. Dunstanburgh unapata nusu saa hivi ya ziada, na Corfe karibu saa 8 nzima za mchana, mpaka saa 10 jioni. Kwa hiyo anayekwenda Corfe anaweza kuchelewa kuamka na bado akaokoa siku. Anayekwenda Dunnottar akichelewa kuamka, ajue atarudi gizani.

Na swali la mwisho la jua, ambalo sijaona likiulizwa mahali: ukiwa unatembea kuelekea ngome, jua liko mgongoni au usoni? Mchana kutwa majira haya jua linatambaa upande wa kusini. Ukitembea kuelekea kaskazini, linakupiga mgongoni na kuimulika ngome iliyo mbele yako. Ukitembea kuelekea kusini, linakuchoma machoni, na ngome unaiona kama kitu cheusi kilichokatwa kwa mkasi. Jambo hili moja linatofautisha magofu haya matatu kuliko urefu wa minara yake.

Dunstanburgh: tambarare, mwanga mbele

Unaanzia Craster, kijiji kidogo cha wavuvi. Maegesho yako kwenye machimbo ya zamani ya mawe, na vyoo viko hapohapo. Kutoka bandarini unapita geti, unaingia kwenye malisho, na tangu hapo ni nyasi tupu, kondoo, bahari mkono wa kulia, na gofu mbele yako kwa njia nzima. Ni kilomita 2 kwenda na 2 kurudi. Hakuna barabara ya gari inayofika kwenye ngome. Wote wanakwenda kwa miguu, mwenye nafasi na asiye nayo.

Njia inaelekea kaskazini. Unaelewa maana yake: jua lote liko mgongoni, na jengo la lango, lile lenye minara miwili mapacha ya mviringo, linatazama upande wako. Kati ya saa 5 asubuhi na saa 8 mchana mawe yake yanawaka rangi ya asali. Nimeona watu wakisimama katikati ya kondoo, simu mkononi, wamesahau kupiga picha.

Ngome hii ilianza kujengwa mwaka 1313 na Thomas, bwana wa Lancaster, binamu wa mfalme Edward II na adui yake mkubwa. Eneo lake ni kama ekari 11, hakuna ngome kubwa kuliko hii katika Northumberland nzima. Aliizungushia mabwawa ya kuchimbwa ili mgeni anayekuja aione ikisimama juu ya maji. Hakuishi kuifaidi. Mwaka 1322 alishindwa vitani Boroughbridge, na siku chache baadaye akakatwa kichwa Pontefract. Baadaye, miaka ya 1380, John of Gaunt, mtoto wa mfalme Edward III, aliliziba lile lango kubwa na kutoboa mlango mwingine pembeni. Kisha vita vya karne ya 15 vya kugombea ufalme vikaipiga ngome, ikaachwa, na watu wakaanza kubeba mawe.

Mama yangu ni mzaliwa wa Kilwa. Alipokuja kututembelea mwezi wa kwanza, hapa ndipo nilipomleta, kwa sababu miguu yake haipendi milima. Alivaa jaketi langu juu ya kanga mbili na akatembea polepole, saa nzima kwenda. Akaniambia, "Mwanangu, jua hili lina mwanga, joto lake limebaki wapi?" Tulipofika chini ya lango akakaa kimya, kisha akasema, "Hii ni Husuni." Sikuwa nimewahi kulifikiria. Husuni Kubwa ya Kilwa Kisiwani ni ya miaka ileile: sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyetawala tangu karibu 1310, aliijenga kwa matumbawe na chokaa juu ya genge linalotazama bahari, ikaachwa bila kumalizika. Watu wawili ambao hawakujuana, kila mmoja kwenye mwamba wake, pwani mbili za dunia, katika miongo ileile. Tangu siku hiyo Dunstanburgh siitazami kama kitu cha wenyewe.

Ubaya wake ni upepo. Njia yote iko wazi, hamna mti. Upepo ukitoka magharibi hupati shida kubwa, maana unakuwa umeshapitia juu ya vilima na kuacha mvua yake huko; ndiyo sababu pwani hii ya mashariki hupata siku nyingi za jua kali la baridi wakati upande wa magharibi unalowa. Ukitoka kaskazini au kaskazini mashariki, unatoka baharini moja kwa moja, na hapo ni bora uahirishe. Ukishafika, tafuta ukuta wa kusini, kaa chini yake upande wa jua. Hapo ndipo tulipomimina chai, na hapo ndipo mama alipofungua vifungo vya jaketi.

Kigari cha mtoto sikushauri. Mageti ya malisho ni membamba na nyasi zina mashimo. Mtoto wa kubebwa mgongoni ni sawa kabisa. Wa miaka mitano anatembea mwenyewe.

Jambo la kuangalia kabla ya kutoka: ndani ya ngome, English Heritage, shirika linaloitunza, hupunguza siku za kufungua majira haya, mara nyingi zinabaki za wikiendi. Mwanachama wa National Trust, shirika jingine la kuhifadhi majengo ya kale, anaingia bure pia. Ukikuta pamefungwa, usihuzunike sana. Njia inazunguka nje upande wa magharibi mpaka unapoiona ghuba ya Embleton na mnara wa Lilburn umesimama peke yake juu ya mteremko, na hiyo haina tiketi.

Ukirudi Craster, wale heringi wa kukaushwa kwa moshi wa mwaloni wanauzwa kijijini. Kwa mtu aliyekulia na ng'onda, ni samaki wa kueleweka mara moja.

Dunnottar: uzuri wenye gharama

Nitasema wazi: kwa sura, Dunnottar inazishinda hizo mbili. Ni jabali la karibu mita 50 lililozungukwa na bahari pande tatu, na juu yake mabaki ya majengo kama kijiji kizima. Ukiiona mara ya kwanza kutoka juu ya genge unanyamaza.

Lakini swali lilikuwa la matembezi mepesi. Kutoka bandari ya Stonehaven, mji wa jirani, unaanza kwa kupanda, kupanda kwa kweli, mpaka juu ya magenge. Kisha njia inalegea, unapita mnara wa kumbukumbu wa waliokufa vitani, ambao ulijengwa makusudi kama gofu lisilokamilika, kwa kuwa maisha ya vijana wale nayo yalikatika kabla ya kukamilika. Ulizinduliwa mwaka 1923. Nikifika hapo husimama kidogo. Ni mahali panapoeleweka bila maelezo. Mbele yake ndipo unapoiona ngome. Jumla si mbali, zaidi kidogo ya kilomita 2 kwenda, ila kuingia ndani kunataka ushuke ngazi mpaka karibu na usawa wa ufuko, kisha upande tena kwenye mwamba. Ni ngazi zaidi ya 200, nazo hazilingani. Kurudi, unazipanda tena.

Na jua? Unatembea kuelekea kusini. Linakupiga usoni, na adhuhuri ngome inageuka kivuli cheusi. Kwa hiyo Dunnottar ina saa yake moja, nayo ni asubuhi mapema. Jua la majira haya linachomoza kusini mashariki, kutoka baharini, nyuma ya ngome, na kwa muda wa nusu saa hivi bahari na anga vinakuwa na rangi ambazo siwezi kuziandika. Kuchomoza kwenyewe ni karibu saa 2:45 asubuhi, kwa hiyo huna haja ya kuamka usiku wa manane. Aliye Aberdeen anapanda treni dakika zisizofika 20 anashuka Stonehaven, anatembea gizagiza, anafika kwa wakati. Kurudi, jua liko mgongoni, na ghuba yote ya Stonehaven inang'aa mbele yako. Mpango huo ukiufuata, ni asubuhi ya kukumbukwa.

Historia yake ni nzito, na inafaa kuijua kabla ya kuingia. Mwaka 1651 jeshi la Cromwell, mkuu wa jeshi la Bunge la England lililompindua mfalme, lilipoishika Uskoti, taji, fimbo na upanga wa wafalme wa Uskoti vilifichwa hapa. Ngome ikazingirwa kwa miezi minane. Ilipofunguliwa mwaka 1652, waliozingira hawakukuta kitu: vitu vile vilikuwa vimeshatoroshwa na kuzikwa chini ya sakafu ya kanisa dogo la Kinneff, na mke wa mchungaji, Christian Fletcher, alikuwa na mkono katika hilo. Vilikaa humo mpaka 1660. Upande mwingine, mwaka 1685 wanaume 122 na wanawake 45, Waprotestanti waliokataa mfalme awe mkuu wa kanisa lao, walifungiwa katika chumba kimoja cha chini. Chumba kipo. Unaingia, unahesabu hatua za upana wake, unajaribu kuwaza watu 167 humo ndani, unatoka nje haraka.

Ngome ni mali ya watu binafsi, ina tiketi yake, na uanachama wa National Trust hausaidii. Majira ya baridi hufungwa mapema alasiri, na upepo ukivuma sana au ngazi zikiwa na barafu hawafungui kabisa. Wanafanya sawa. Lakini yale mandhari ya juu ya genge hayafungwi, na kwa maoni yangu thamani kubwa ya Dunnottar iko huko nje.

Usimlete mzee mwenye magoti mabovu. Mtoto mdogo mshike mkono muda wote; magenge yale hayana ukuta.

Corfe: karibu, fupi, na kijiji miguuni

Kwa aliye London hili ndilo gofu pekee kati ya matatu la kwenda na kurudi siku moja bila kujichosha. Treni kutoka kituo cha Waterloo inakufikisha mji wa Wareham kwa saa mbili na kitu, halafu basi hadi kijijini. Ukishuka, ngome iko juu yako.

Matembezi yenyewe ni mafupi mno, kiasi kwamba ukitaka kuyaita matembezi inabidi uyarefushe. Wenye gari wengi huliacha kwenye maegesho ya Norden na kutembea kama kilomita moja. Hapo ndipo kosa lilipo. Corfe imekaa kwenye pengo la safu ya vilima vinavyotoka mashariki kwenda magharibi. Norden iko kaskazini mwa safu hiyo. Mwezi wa kumi na mbili mteremko wa kaskazini hauoni jua. Unatembea kwenye jalidi na matope, na ngome unaiona kwa mgongo wake mweusi. Kijiji kiko kusini, kwenye jua. Mimi nawashauri watu waanzie kijijini, wasimame kwenye uwanja mdogo mbele ya kanisa, watazame juu. Kuta zile nyeupe za mawe ya Purbeck, kijivu siku ya mawingu, siku ya jua zinakuwa karibu na rangi ya maziwa.

Kisha, kama miguu inaruhusu, panda kilima cha West Hill, ng'ambo ya kijito. Ni mwinuko wa muda mfupi ila mkali, na chaki yake ikilowa inateleza, kwa hiyo mabuti. Ukipanda kuanzia saa 8 mchana, jua linakuwa limehamia kusini magharibi na kuimulika ngome ubavu kutoka nyuma yako.

Tofauti na nyingine, gofu hili lilibomolewa kwa amri. Mary Bankes, mumewe akiwa mbali na mfalme, aliilinda ngome mwaka 1643 dhidi ya jeshi la Bunge, katika vita vya Bunge na mfalme Charles I. Ikazingirwa tena mwaka 1645, na mwanzoni mwa 1646 ikaanguka kwa usaliti wa mmoja wa maofisa wake, aliyewaingiza adui wakijifanya askari wa msaada. Bunge likaagiza ivunjwe. Wakachimba chini ya kuta, wakaweka baruti. Ndiyo maana utaona lango lililopasuka katikati, nusu moja imeteleza chini na bado imesimama wima, na minara iliyoinama kama watu waliosukumwa. Dunstanburgh ilichakaa polepole. Hapa unaona siku yenyewe. Watoto wanaielewa Corfe haraka kwa sababu hiyo, wanauliza "nani aliisukuma?" na una jibu la kuwapa.

Ni ya National Trust. Ndani kuna mteremko, si mkali kama Dunnottar, na mzee anaweza kubaki kijijini kwenye dirisha la mkahawa akiiangalia ngome na chai yake, asikose chochote cha maana.

Basi uchague lipi?

Kama una mzee asiyeweza kutembea mbali au watoto wadogo, au uko kusini na hutaki kulala nje, ni Corfe, anza upande wa kijiji, usiharakishe kutoka nyumbani.

Kama miguu yako ni mizima, uko Aberdeen au Dundee, na unaweza kufika genge lile kabla jua halijatoka, nenda Dunnottar. Ukijua utafika saa 7 mchana, acha, subiri siku nyingine.

Lakini kama ulichotaka ni kile hasa ulichouliza, yaani matembezi mepesi, ya jua, majira ya baridi, kwenda kwenye gofu la ngome, basi kwangu ni Dunstanburgh, na sioni hata sababu ya kusita. Ni tambarare, ni ndefu ya kutosha kuupasha mwili moto, na jua linakusukuma kutoka nyuma mpaka mlangoni. Kutoka Newcastle treni hadi Alnmouth ni nusu saa hivi, kutoka Edinburgh ni saa moja na kidogo. Kutoka hapo mabasi ya Craster ni machache majira haya, kwa hiyo teksi au gari la rafiki ni bora kuliko kusubiri kituoni.

Toka Craster saa 5 asubuhi. Vaa kofia inayofunika masikio, chukua chai ya tangawizi na maandazi, na kitambaa cha kukalia, maana mawe chini ya ukuta ule wa kusini yana jua lakini bado ni baridi. Ikifika saa 8 mchana anza kurudi. Jua sasa litakuwa usoni kwako, chini kabisa juu ya paa za kijiji, kwa hiyo miwani ya jua nayo isibaki nyumbani.